Dereva wa trela amelipa faini. Je, mdogo wangu aliyevunjika paja bado anaweza kudai fidia?

*"Mdogo wangu ana miaka 26. Alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli kwa mwenye bekari mmoja hapa Bungoma. Alilipwa kwa kila kreti, bila mkataba wa maandishi. Miezi saba iliyopita, saa mbili asubuhi, trela ilimpita karibu na makutano ya Kanduyi, kisha ikakata kona kushoto ikamwangusha, na mguu ukabanwa na gurudumu la nyuma. Mfupa wa paja ulivunjika. Amewekewa chuma na daktari anasema kitatolewa baadaye. Dereva aliwaambia polisi kwamba baiskeli ndiyo iliyogonga ubavu wa trela, lakini kortini alikubali shtaka la kuendesha bila uangalifu akatozwa faini. Polisi wakatuambia kesi imekwisha. Mwenye lori, ambaye kampuni yake iko Mombasa, anataka kutupa Sh30,000 na baiskeli mpya tukitia sahihi karatasi fulani. Wodini pia alikuja mtu akasema ana wakili atakayesimamia kila kitu bure, ila atachukua thuluthi moja tukishinda. Mdogo wangu hakuwa na helmeti wala bima ya aina yoyote. Je, tuna haki, au tuchukue hizo pesa tushukuru Mungu yu hai?"*

Dada, pole sana, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja kwa sababu imebeba maswali kadhaa kwa pamoja, na kuna jambo ndani yake lenye tarehe ya mwisho inayokaribia ambalo wewe mwenyewe hukuliuliza. Nitalifikia. Nianze na lile linalowaumiza zaidi. Mnahofia kwamba hakimu alipomtoza dereva faini, mlango wa haki ulifungwa. Haukufungwa. Mdogo wako ana haki ya kudai fidia, na sheria ya Kenya inampa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Ile karatasi ya mwenye lori msiitie sahihi kwa sasa, hata kama pesa zimewabana, mpaka muonane na wakili.

Kesi iliyokwisha ilikuwa ya Serikali dhidi ya dereva. Dereva alikubali kosa, akalipa, na faini ikaenda serikalini. Hakuna hata shilingi moja ya faini hiyo inayomfikia aliyeumia. Kesi ya fidia ni nyingine kabisa. Hufunguliwa na majeruhi mwenyewe, husikilizwa kama kesi ya madai, na kiwango cha ushahidi kinachotakiwa ni cha chini kuliko cha kesi ya jinai. Hata kama dereva angeachiliwa huru, bado mngeweza kumdai yeye na mwajiri wake. Kwenu hali ni nzuri zaidi, kwa kuwa kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba hukumu ya mwisho ya jinai iliyomtia mtu hatiani ni ushahidi usiopingika kuwa alitenda kosa hilo. Nendeni kwenye masjala ya mahakama iliyomtoza faini, muulizie nambari ya kesi ya trafiki, kisha muombe nakala zilizothibitishwa za mwenendo na hukumu. Karatasi hizo zitawapunguzia nusu ya ubishi.

Nasema nusu kwa sababu maalumu. Mahakama zetu zimeshikilia tangu miaka ya 1970 kwamba dereva aliyetiwa hatiani bado anaweza kudai kuwa aliyeumia naye alichangia ajali. Kwa hiyo ile kauli ya "baiskeli iligonga ubavu" itarudi, safari hii kupitia kinywa cha wakili wa kampuni ya bima, na lengo lake litakuwa kupunguza malipo. Hapa ndipo kesi za waendesha baiskeli hupotea au hupona, basi nitakaa hapo kidogo.

Kauli hiyo huaminika kwa urahisi. Alama ziko ubavuni mwa trela, mbele hakuna hata mkwaruzo, basi watu husema mwenye baiskeli ndiye aliyejiingiza. Tazama kwanza jinsi trela inavyokata kona. Kichwa na bodi ya nyuma ni vipande viwili vilivyoshikana kwenye kiungo kinachozunguka. Kichwa kinapopinda kushoto, magurudumu ya nyuma hayapiti palipopita ya mbele. Hukata kwa ndani, karibu zaidi na ukingo wa barabara, na kadiri trela ilivyo ndefu ndivyo yanavyozidi kuingia ndani. Dereva anayelijua hilo mara nyingi huvuta kwanza kulia ili apate nafasi ya kuzungusha. Mwenye baiskeli aliye upande wa kushoto anaona lori likimwachia njia, anadhani linaenda moja kwa moja au linakwenda kulia, naye anaendelea kukanyaga. Muda mfupi baadaye nafasi ileile inajifunga. Ubavu unamjia, anakosa pa kukimbilia, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayofika mwisho. Wakati huo kichwa kimeshapinda na kioo cha kushoto kimejaa ubavu wa trela, hivyo dereva hamwoni mtu aliye pale.

Kwa hiyo alama za upande wa kushoto, kuelekea nyuma, ndizo hasa zinazotarajiwa lori linapomkatia mtu njia. Hazithibitishi kwamba mdogo wako aliligonga. Na dereva hawezi kujitetea kwamba hakumwona, kwa sababu kwa maelezo yako alikuwa ametoka kumpita. Alijua kuna baiskeli kushoto kwake. Wajibu wake ulikuwa kuiacha nyuma kwa umbali wa kutosha kabla ya kukata kona, au kupunguza mwendo na kuiacha ipite. Anayeendesha chombo kizito chenye sehemu asizoziona ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi, maana yeye ndiye anayezijua sehemu hizo.

Sasa nijibu: ile baiskeli iko wapi? Kama bado ipo, isiuzwe kwa wanaonunua vyuma chakavu na isitengenezwe. Ipigeni picha pande zote, kisha muihifadhi jinsi ilivyo. Mahali rimu ilipopinda na upande ambao usukani umekunjwa huonyesha nguvu ilitoka wapi. Kama ilichukuliwa na polisi, ulizeni iko kituo gani na muombe wakili aandike barua isitupwe. Tafuteni pia watu waliokuwepo: vijana wa boda kwenye steji, mama anayeuza mahindi kando ya barabara, abiria waliokuwa wakisubiri matatu. Chukueni majina kamili na nambari za simu leo, kwa sababu miezi saba ni mingi na watu huhama. Shahidi mmoja aliyeona trela ikimpita mdogo wako kabla ya kukata kona ana thamani kuliko kumi waliofika baada ya kishindo. Usimsahau utingo, kama alikuwepo. Wapo matingo walioacha kazi ambao husema ukweli wanapoulizwa vizuri.

Kuna ushahidi mwingine ambao familia nyingi hazijui kuwa upo. Malori ya mizigo yanatakiwa kuwa na vidhibiti mwendo, yasizidi kilomita 80 kwa saa. Kampuni nyingi hufuatilia magari yao kwa setilaiti, na mizigo inayopita kwenda nchi jirani hufungwa mihuri ya kielektroniki inayofuatiliwa na Mamlaka ya Mapato (KRA). Kama trela ilitoka upande wa Webuye, huenda ilipita mizani ya pale, ambayo ina rekodi ya saa na uzito. Sheria ya Trafiki pia inakataza dereva wa gari la kibiashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24, na aliyetoka Mombasa bila kupumzika ana maswali ya kujibu. Kumbukumbu za aina hii hufutwa baada ya muda. Ndiyo maana barua ya kwanza ya wakili mzuri humtaka mwenye lori azihifadhi, na akikaidi, mahakama huombwa imwamuru azitoe.

Nije kwenye helmeti na bima. Bima ya lazima ni ya magari, baiskeli haihusiki. Kutokuwa nayo hakumpunguzii mdogo wako chochote. Kuhusu helmeti, mahakama huangalia kama kosa linalodaiwa lilisababisha ajali au liliongeza madhara. Helmeti haikingi paja. Angekuwa ameumia kichwa, hoja hiyo ingekuwa na uzito. Vivyo hivyo kwa taa: saa mbili asubuhi jua limeshatoka, na kukosa taa hakubadilishi kitu, ingawa ajali ya saa moja na nusu usiku ingekuwa habari tofauti. Yanayoweza kumwathiri ni mambo kama haya: je, alikuwa akijaribu kulipita trela kwa kushoto wakati tayari limewasha taa ya kona? Je, kreti zilikuwa nyingi kiasi cha kumyumbisha? Muulizeni kwa upole, na awaeleze ukweli wote. Ni heri wakili aujue mapema kuliko ausikie kizimbani. Hata mahakama ikiona alichangia, haimnyimi fidia, humpunguzia tu. Ikiamua alichangia asilimia 20 na fidia ni Sh1 milioni, atapata Sh800,000.

Wa kushtakiwa ni nani? Dereva, ndiyo, lakini yeye mara nyingi hana kitu. Anayebeba mzigo ni mwenye gari, kwa sababu dereva alikuwa kazini mwake. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama huanza na dhana kwamba aliyekuwa akiendesha aliendesha kwa niaba ya mwenye gari. Hata hivyo msitegemee abstrakti ya polisi, yaani ile hati fupi ya kituo kuhusu ajali, peke yake. Mwenye lori akikana umiliki, abstrakti inaweza kutikisika. Ombeni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, rekodi rasmi ya usajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Na kuna jambo ambalo hata mawakili wachanga hulisahau: kichwa na trela husajiliwa kila kimoja na nambari yake. Nambari ya trela huanza na herufi Z. Wamiliki wanaweza kuwa wawili tofauti, na kila kimoja kinaweza kuwa na bima yake. Tafuteni rekodi za zote mbili. Mkigundua kwamba gari liliuzwa bila jina kubadilishwa, jambo ambalo ni la kawaida sana kwetu, hushtakiwa wote wawili, aliye kwenye rekodi na anayelitumia.

Na msiogope Mombasa. Kesi ya kuumizwa inaweza kufunguliwa mahali madhara yalipotokea. Mahakama ya Bungoma inatosha, na mwenye kampuni ndiye atakayesafiri.

Atakayelipa hasa, mambo yakienda sawa, ni kampuni ya bima. Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, na mwendesha baiskeli aliyegongwa ndiye mtu wa tatu mwenyewe. Sheria inailazimu kampuni kulipa hukumu, lakini jukumu hilo la kisheria halizidi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinabaki kwa mwenye lori. Sharti ambalo limeziua kesi nyingi zenye haki ni lile la ilani: kampuni ya bima lazima iarifiwe kuhusu kesi mapema. Mimi husisitiza ilani ifike kabla kesi haijafunguliwa, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe. Ikicheleweshwa, mnaweza kushinda kesi na bado kampuni ikapata pa kujificha. Jina la kampuni na nambari ya bima huandikwa kwenye abstrakti. Pamekuwa na kampuni za bima hapa nchini zilizofilisika zikaacha majeruhi na hukumu mikononi, basi ulizeni pia kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima kama kampuni hiyo bado ina leseni.

Niwaambie na wasomaji wengine wa ukanda wa Malaba: lori likiwa na nambari za Uganda, Rwanda au Kongo, haki haipotei kwa sababu limevuka mpaka. Malori hayo huingia na Kadi ya Manjano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo ni bima ya mtu wa tatu inayotambuliwa katika nchi zinazoshiriki, na madai hushughulikiwa kupitia ofisi ya mpango huo hapa Kenya. Pigeni picha ya kadi hiyo pamoja na nambari za gari. Na kama lililomgonga mtu ni lori la Serikali, muda wa kushtaki hushuka kutoka miaka 3 hadi miezi 12. Wengi wamelijua hilo wakiwa wamechelewa.

Sasa lile jambo ambalo hukuliuliza. Mdogo wako alikuwa kazini. Ulitaja kutokuwepo kwa mkataba wa maandishi kana kwamba kunamfungia nje, lakini Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtambua pia mfanyakazi aliyeajiriwa kwa maneno ya mdomo. Chini ya sheria hiyo hahitaji kuthibitisha kwamba mwenye bekari alikosea. Inatosha kwamba aliumia akifanya kazi yake. Mwenye bekari anaweza kusema kijana huyu alijitegemea, akinunua mikate na kuiuza. Hapo ndipo itaangaliwa nani alipanga njia na saa za kazi, baiskeli na kreti zilikuwa za nani, na kama angeweza kumtuma mtu mwingine badala yake. Kulipwa kwa kreti hakumwondolei mtu uajiri. Lakini madai haya yana muda wa miezi 12 tu tangu ajali, na nyinyi mmeshatumia saba. Hakikisheni kuna barua inayoonyesha mwenye bekari aliarifiwa, kisha mwende ofisi ya kaunti ya usalama na afya kazini. Mkilipwa huko, mahakama itazingatia hilo isije ikalipa hasara moja mara mbili, lakini njia moja haiui nyingine. Najua kumwendea mwajiri wa mji mmoja, pengine jamaa au jirani, ni jambo gumu. Muelezeni kwamba mnafuata haki iliyowekwa na sheria na kwamba kama alikuwa na bima ya wafanyakazi, bima hiyo ndiyo itakayolipa.

Fidia yenyewe ina sehemu mbili kubwa. Ipo ya maumivu na kupungukiwa na uwezo, ambayo hakimu huikadiria kwa kutazama hukumu za majeraha yanayofanana. Sitakutajia kiasi, na yeyote atakayekutajia kiasi kabla ya kuona ripoti ya daktari anakupa matumaini hewa. Sehemu ya pili ni gharama halisi: hospitali, dawa, magongo, nauli za kliniki. Hizi mahakama huzitaka kwa risiti, shilingi kwa shilingi. Kusanyeni zote, na zilizopotea muombe hospitali izichapishe upya. Taarifa za M-Pesa zinasaidia. Gharama ya kutoa chuma lazima itajwe kwenye hati ya madai tangu mwanzo, ikiungwa mkono na makadirio ya daktari. Isipotajwa, hakimu hataitoa hata kama anamwonea huruma.

Kuhusu kipato, usikate tamaa kwa sababu kijana hana karatasi ya mshahara. Mahakama ya Rufani mwaka 2005, katika rufaa iliyotoka Kisumu, ilikataa wazo kwamba mapato yanathibitishwa kwa hati peke yake, ikitambua kwamba Wakenya wengi hupata riziki bila kuweka kumbukumbu. Daftari la kreti, ujumbe wa simu wa malipo na ushahidi wa wenye maduka aliowapelekea mikate vinaweza kutosha. Visipotosha, mahakama nyingi hutumia kima cha chini cha mshahara. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, mnayo bila shaka, lakini wakili atahitaji pia ripoti kamili ya daktari inayoeleza ulemavu uliobaki. Bima nayo itataka kumpima kwa daktari wake. Mruhusuni, ila aende na mtu wa nyumbani.

Basi tuzipime njia zenyewe. Sh30,000 na baiskeli ni kidogo mno kwa paja lililovunjika, na hatari kubwa imo kwenye karatasi, ambayo karibu hakika inasema mmemaliza madai yote. Kutia sahihi kisha kujuta ni vigumu sana kurekebisha. Kama mwenye lori ni muungwana na anataka kusaidia matibabu, apokewe kwa maandishi yanayosema wazi kwamba ni msaada wa matibabu na haki ya kudai fidia inabaki. Atakayelikataa sharti hilo ameshawaonyesha nia yake.

Mazungumzo na kampuni ya bima baada ya barua ya madai ndiyo njia ninayoipendelea kuanza nayo. Kwa kuwa dereva alikubali kosa, kampuni inaweza kuona hakuna faida ya kubishana. Msikubali kiasi chochote kabla daktari hajaeleza hali ya mguu na gharama ya upasuaji wa pili.

Mahakama ya Madai Madogo huvutia wengi kwa sababu hupaswa kumaliza kesi ndani ya siku 60, lakini kikomo chake ni Sh1 milioni. Kwa jeraha hili, lenye chuma mwilini na ubishi wa nani alimgonga nani, mimi ningekwenda mahakama ya hakimu, ambako hata hakimu mkaazi wa ngazi ya chini kabisa ana uwezo wa kufika Sh5 milioni. Itachukua muda mrefu zaidi. Kuna ada za kufungua kesi, kuna daktari wa kulipwa aje kutoa ushahidi, na mkishindwa mnaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili. Kwa hukumu ya trafiki mliyo nayo, hatari hiyo naiona kuwa ndogo, lakini ipo.

Yule mtu wa wodini mwepukeni. Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya wakili kulipwa tu endapo mteja atashinda, na kutumia mabroka kuwinda wateja hospitalini ni kosa. Nimeona familia zikisikia kutoka kwa bima kwamba malipo yalishatolewa zamani, kwa wakili ambaye hawakuwahi kumwona uso. Kama mdogo wako alitia sahihi chochote akiwa kitandani, andikeni barua leo mkiomba nakala na mkieleza kwamba hamjamwajiri mtu. Wakili mtakayemchagua, hakikisheni kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha mwaka huu, muonane naye ana kwa ana ofisini kwake, na ada iandikwe. Mkikosa uwezo, ulizeni Kituo cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Wakili akiwazungusha kuhusu pesa, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili.

Mguu nao usisubiri kesi. Kama ameanza kuchechemea kwa sababu mguu mmoja umekuwa mfupi, kama kidonda kinatoa usaha au maumivu yanazidi badala ya kupungua, arudi kwa daktari wa mifupa mara moja. Afya yake ndiyo ya kwanza, na matibabu yaliyoandikwa kwa tarehe yanamlinda pia mahakamani, maana bima hupenda kusema kwamba mtu alijitelekeza mwenyewe.

Mpangilio wangu kwenu ni huu. Wiki hii barua iende kwa mwenye bekari na mfike ofisi ya usalama kazini, kwa sababu muda wa huko ndio mfupi. Nambari za simu za mashahidi zitafuteni siku hiyohiyo mkiwa mjini. Wiki ijayo chukueni nakala za kesi ya trafiki na rekodi za NTSA za kichwa na za trela. Mkishakuwa na hizo pamoja na abstrakti, P3, kadi za hospitali na bahasha ya risiti, nendeni kwa wakili, na swali lenu la kwanza kwake liwe lini atapeleka ilani kwa kampuni ya bima.